Masikio ya Kuazima

Ukishika barabara ya kusini kutoka Adelaide, mji mkuu wa jimbo la Australia Kusini, utapita vibao vya Noarlunga, Aldinga na Onkaparinga. Kwa madereva wengi hayo ni majina tu ya vitongoji na mto. Kwa mtu aliyejifunza Kikaurna, lugha ya wenyeji asilia wa tambarare ile, kila kibao kina kipande cha sarufi mwishoni: -ngka, kiambishi cha mahali kinachofanya kazi ileile ya -ni yetu katika Darajani, Shimoni na Mikindani. Onkaparinga ni ngangki, mwanamke, pari, mto, kisha -ngka. Penye mto wa wanawake. Lugha ilinyamaza, kiambishi kikabaki barabarani.

Sasa rudi mwanzoni mwa majina hayohayo. Noarlunga ilikuwa Ngurlungka, Aldinga ilikuwa Ngaltingka, na Onkaparinga ndiyo hiyo ya ngangki. Yote matatu yalianza na sauti ambayo sisi huitamka bila taabu katika ng'ombe na ng'ambo (Wakaurna huiandika ng, bila kibainishi), na yote matatu ama yameipoteza ama yameigeuza n. Mwingereza hakuzoea kuanza neno kwa sauti hiyo, kwa hiyo sikio lake liliikata kabla kalamu haijagusa karatasi. Basi ukikutana na jina jingine la sehemu zile linaloanza na irabu, unayo sababu ya kuuliza kama hapo mbele hapakuwa na ng'. Hii ndiyo roho ya ufundi ninaotaka kuusifu, ufundi wa kuijenga upya sarufi ya lugha iliyolala kutokana na maandishi machache yenye kasoro nyingi: kosa lenye utaratibu ni ushahidi. Anayeyajua makosa ya mwandishi humsikia, nyuma ya mwandishi huyo, mtu aliyekuwa akisema.

Waliokuwa wakisema wanajulikana kwa majina. Koloni ya Australia Kusini ilitangazwa Desemba 28, 1836. Oktoba 1838 waliteremka melini wamisionari wawili Walutheri kutoka Ujerumani, Christian Teichelmann na Clamor Schürmann, waliotumwa na chama cha misheni cha Dresden. Walijifunza kwa Mullawirraburka, kwa Kadlitpinna na kwa Ityamaiitpinna, ambaye jina lake maana yake ni Baba wa Ityamai, kama vile mtaani kwetu mtu anavyoitwa Baba Juma. Mwaka 1840 wakachapisha kitabu chembamba: kurasa 24 za sarufi, maneno yapatayo 2,000, na sentensi kama 200. Takriban miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu wafike. Ukitaka kujua uzito wa kazi hiyo, jaribu kuandika sarufi ya lugha usiyoijua, isiyo na kamusi, ya watu ambao ardhi yao inagawanywa viwanja mbele ya macho yao.

Desemba 1839 wamisionari walikuwa wamefungua shule pale Piltawodli, kando ya mto upitao Adelaide, na watoto wakafundishwa kusoma na kuandika kwa lugha yao wenyewe. Mwaka 1845 serikali ya koloni iliifunga, watoto wakahamishiwa shule ya Kiingereza. Familia zilitawanyika, nyingine zikaishia katika vituo vya misheni vya Point McLeay na Point Pearce, kwenye nchi za mataifa mengine. Binti ya Ityamaiitpinna, aliyejulikana kwa jina la Ivaritji, aliishi hadi 1929, na kwa kawaida hutajwa kuwa mtu wa mwisho aliyeijua vizuri lugha ya utotoni mwake. Katika uzee wake walimjia watu wenye madaftari, miongoni mwao mtafiti Daisy Bates na mtaalamu wa mimea John McConnell Black, wakaandika maneno kutoka kinywani mwake. Kwa hiyo tunayo mabaki ya usemi wa baba yaliyoandikwa na Wajerumani, na mabaki ya usemi wa binti yaliyoandikwa kwa sikio la Kiingereza, miaka 80 baadaye. Hata jina lake ni kazi ya fundi. Kikaurna hakina v. Sauti iliyosikika hivyo ilikuwa p iliyolainika kati ya irabu mbili, na leo jina lake huandikwa Iparrityi.

Nikisema masikio ya kuazima ndiyo hayo. Fundi wa sarufi iliyolala hana mzungumzaji wa kumuuliza, ana sikio la mtu mwingine tu, na sikio la mtu mwingine lina mipaka yake. Mtu wa Mombasa akitaja kaa la moto na kaa wa ufukweni hatamki neno moja mara mbili. Kaa wa ufukweni hutoka na pumzi, kaa la moto halina. Maandishi sanifu yameiacha tofauti hiyo. Siku moja akija mtafiti mwenye vitabu vyetu vilivyochapishwa tu, bila redio wala mwana wa Mvita wa kumsikiliza, ataapa kwamba hayo ni matamshi mamoja. Hatakuwa mvivu. Atakuwa ameazima sikio la maandishi sanifu.

Wajerumani wale walikuwa na t moja. Kikaurna kilikuwa na t tatu: ya ulimi kwenye meno, ya ulimi kwenye ufizi, na ya ulimi uliokunjwa nyuma kuelekea kaakaa. Hivyo hivyo kwa n na kwa l. Leo huandikwa th, t na rt, lakini katika kitabu cha 1840 mara nyingi zote zinaangukia herufi moja. Upande wa pili, p na b, t na d, k na g, ambazo kwa Mjerumani ni sauti mbalimbali, zinachanganyika katika kurasa zao: neno hili lina g, lile lenye sauti ileile lina k. Msomaji wa haraka ataona uzembe. Mimi naona uaminifu mkubwa, na ushahidi wa bure. Kwetu pata na bata ni mambo mawili. Mahali ambapo mwandishi makini anashindwa kuchagua kati ya p na b, huenda lugha yenyewe haijali tofauti hiyo, naye anaandika kile ambacho siku ile kilielekea zaidi upande mmoja. Mkanganyiko wake ni maelezo sahihi ya mfumo ambao hakuwa na jina la kuuita.

Ndipo wanaitwa ndugu. Kikaurna kimo katika familia ya lugha iitwayo Thura-Yura, iliyoenea kaskazini na magharibi ya Adelaide, na baadhi ya ndugu walinyamaza baadaye sana. Kiadnyamathanha cha milima ya Flinders kiliendelea kusemwa. Luise Hercus, mwanaisimu aliyetumia maisha yake kuwatembelea wazee wa mwisho wa lugha nyingi za Australia akiwa na kinasa sauti, aliandika kamusi ya Kinukunu na sarufi ya Kiwirangu. Sikiliza jinsi ushahidi unavyopatikana. Wamisionari waliandika gadla, moto. Kwa Kiadnyamathanha moto ni ardla. Huyu ndugu ameiangusha k ya mwanzo, kama alivyofanya katika maneno mengi, lakini ameihifadhi sauti ya ulimi uliokunjwa ambayo Wajerumani hawakuisikia. Unganisha ushahidi wa wote wawili: kardla. Kila mmoja amepoteza kitu, na bahati njema hawakupoteza kitu kilekile. Mwaka 2010 Wakaurna waliamua kuyaandika upya maneno yao kwa tahajia iliyotokana na uchunguzi wa namna hii, neno baada ya neno.

Sauti ni mlango tu. Mpangilio wa maneno na viambishi ndio unaonifanya nivue kofia. Kiswahili husema ninakwenda na ninakuona kwa ni- ileile. Wewe ukiniona, ni- hiyo huingia ndani na kukaa mahali pa mtendwa. Kikaurna kinakata mahali pengine kabisa. Ngai padninthi ni naenda. Nikikuona, hata hivyo, mimi ni ngathu: ngathu niina nakunthi. Na wewe ukiniona, mimi ni ngai tena. Yaani mimi ninayekwenda na mimi ninayeonwa tunashiriki neno moja, na mimi ninayetenda jambo juu ya kitu kingine nina umbo langu peke yangu. Wanaisimu huiita hali hiyo ergativu. Wamisionari walikuwa wamezoea kuzipanga nomino kwa hali za Kilatini, na Kilatini hakina hali hii. Wangeweza kuipuuza. Wangeweza kuitupa kama makosa ya watu wasiosoma, kama walivyofanya wengine wengi katika makoloni. Waliirekodi ngathu, wakairekodi ngai, wakatupa mifano, na kwa hiyo mtu aliyekuja karne moja na nusu baadaye akiwa na maarifa ya lugha nyingine za Australia aliweza kuliona umbo zima.

Mifano ndiyo mali. Jedwali la sarufi hukuambia mwandishi alidhani nini. Sentensi hukuonyesha alisikia nini. Ukiyakusanya maneno yenye kiambishi cha mahali utaona kwamba ya silabi mbili huchukua -ngka, kama wardli, nyumba, inavyokuwa wardlingka, nyumbani, na marefu zaidi huchukua -ila. Ngangkipari ina silabi nne na bado imechukua -ngka. Kanuni imevunjika? Nadhani imethibitishwa: kiambishi kinahesabu silabi za neno la mwisho katika muungano, na pari lina silabi mbili. Kibao cha barabarani kimesema jambo kuhusu namna ambavyo Wakaurna walihisi mipaka ya maneno yao.

Zipo pia sentensi ambazo fundi huzipima kwa tahadhari. Wamisionari walitafsiri Amri Kumi na nyimbo za kanisa. Hayo ni maandishi ya Kikaurna, lakini mtungaji ni Mjerumani, na mpangilio wa mawazo yake unaweza kuwa wa Kijerumani. Sentensi fupi ya mtu anayedai chakula au kumkaripia mtoto ina thamani kuliko ukurasa mzima wa maandiko hayo. Mizani hii haifundishwi kwa kanuni. Mtu huipata kwa kukaa na vyanzo mpaka ajue nani alikuwa anasema na nani alikuwa anajaribu kusema.

Sehemu moja ya historia hii inatugusa sisi Waafrika. Mwaka 1857 Teichelmann alikuwa bado anaisahihisha kamusi yake, ingawa kazi ya misheni yenyewe ilikuwa imekwisha kuvunjika. Muswada wake mpya, wenye maneno na sentensi ambazo hazikuwamo katika kitabu cha 1840, aliupeleka kwa Sir George Grey, aliyewahi kuwa gavana wa Australia Kusini na ambaye wakati ule alikuwa gavana wa Koloni ya Rasi. Kwa hiyo chanzo bora kabisa cha lugha ya Adelaide kikawekwa Cape Town, na huko ndiko kilikobaki. Mtunzaji wa maktaba ya Grey alikuwa Wilhelm Bleek, Mjerumani mwingine, yuleyule aliyeliingiza jina Bantu katika isimu na kuzichambua ngeli ambazo lugha yetu inasimama juu yake. Vitenzi vya Wakaurna vilipita mikononi mwa mtu aliyekuwa anashughulika na viambishi vyetu. Baadaye Bleek na shemeji yake Lucy Lloyd waliandika maelfu ya kurasa za lugha ya |Xam kutoka kwa watu ambao wengi wao waliletwa Cape Town kama wafungwa; nayo leo haina msemaji, ila maneno yake yamo katika nembo ya taifa la Afrika Kusini tangu 2000.

Muswada huo wa Cape Town ulifanyiwa kazi na Rob Amery, mwanaisimu wa Adelaide, pamoja na Jane Simpson na wengine. Lakini kazi haikuanzia kwenye muswada, ilianzia kwenye hamu ya wenyewe. Mwaka 1990 zilitungwa nyimbo mpya kwa Kikaurna na lugha mbili jirani, na baadaye shule ya Kaurna Plains ikaanza kuifundisha lugha. Mkuu wa shule hiyo alikuwa Alitya Rigney, mwanamke wa kwanza wa wenyeji asilia kuwa mkuu wa shule nchini Australia. Mwaka 2002 yeye, mzee Lewis O'Brien na Amery wakaanzisha Kaurna Warra Pintyanthi, kundi ambalo Wakaurna na wanaisimu hukaa pamoja kujibu maombi: jina la bustani, hotuba ya kuwakaribisha wageni, neno la msibani. Amery alikuwa na njia ninayoipenda kwa unyenyekevu wake. Hakusubiri sarufi nzima ikamilike. Alianza na semi ambazo vyanzo vinaziunga mkono, watu wakazisema, kisha akaongeza, lugha ikakua mdomoni kadiri ushahidi ulivyoruhusu.

Na pale ambapo vyanzo vimekauka? Chukua hesabu. Kitabu cha 1840 kina kuma, moja, purlaityi, mbili, marnkutyi, tatu, yarapurla, nne. Hapo kinaishia. Shuleni mtoto anataka tano, anataka tisa, anataka namba ya simu. Njia rahisi ilikuwa kuazima kwa Kiingereza. Lakini Wakaurna walikuwa na desturi ya kuwapa watoto majina kwa mpangilio wa kuzaliwa, kama Wasukuma wanavyowaita pacha Kulwa na Doto na anayewafuata Shija, ila wao walikwenda mpaka mtoto wa tisa, majina ya wavulana kwa mwisho wake na ya wasichana kwa mwisho wake. Wamisionari waliyaandika yote. Wa tano mvulana ni Milaitya, msichana Milarta. Ondoa mwisho wa kiume, ondoa mwisho wa kike, kinabaki mila. Fanya hivyo kwa wa sita, saba, nane na tisa: marru, wangu, ngarla, pauwa. Ndizo namba wanazohesabia watoto wa Kikaurna leo. Hakuna mzee wa 1840 aliyerekodiwa akisema mila kwa maana ya tano. Ila kila kipande cha neno hilo kilitoka vinywani mwao, na mshono umefuata uzi wa lugha yenyewe. Nimeona kazi nyingi za kubuni istilahi, zikiwamo za kwetu, na chache zina adabu kama hii.

Adabu hiyo ina sharti moja: usifiche mshono. Wanaisimu huweka kinyota mbele ya umbo lisilothibitishwa na chanzo chochote, na fundi mwadilifu hukitumia hata kama ukurasa utajaa vinyota. Sarufi hii ni amana. Iliwekwa na wazee waliosema mbele ya wageni, ikapitia mikono ambayo haikuielewa yote, na anayeirudisha kwa wajukuu lazima awaambie lipi ni lao tangu zamani na lipi limeongezwa, ili uamuzi wa kulikubali au kulikataa uwe wao.

Wapo wanaosema kwamba kilichozaliwa upya si lugha ya Mullawirraburka. Ni kweli kwamba yeye angeshangaa kusikia kompyuta ikiitwa mukarntu, jina lililoshonwa kutokana na ubongo na radi. Lakini hoja hiyo inawadai Wakaurna kitu ambacho hakuna taifa jingine linalodaiwa. Kiswahili cha taarifa ya habari ya saa mbili usiku si Kiswahili cha Pate ya karne ya 18, na hakuna anayetuambia kwamba tumepoteza haki ya kukiita chetu. Mkaurna Jack Kanya Buckskin aliisoma lugha ya mababu zake akiwa kijana mkubwa, akaifundisha, na filamu iliyotengenezwa juu yake mwaka 2013 inamwonyesha akiisema na binti yake. Lugha anayosikia mtoto kwa baba yake ina uhalali ambao mimi sioni nani wa kuupinga.

Karibu nasi pia ufundi huu una kazi. Katika msitu wa Mukogodo, Laikipia, Wayaaku waliacha lugha yao na kushika Kimaa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mwanaisimu Bernd Heine alichapisha maelezo ya lugha hiyo katikati ya miaka ya 1970, na tangu mwanzo wa karne hii Wayaaku wenyewe wamekuwa wakitaka kuirudisha. Atakayeshika kazi hiyo atakuwa na lugha za Kikushi kama ndugu wa kuwauliza, na atalazimika kujua sikio la kila aliyewahi kuandika neno la Kiyaaku, kama wenzake wa Adelaide walivyolijua la Teichelmann.

Adelaide kwenyewe kamusi mpya ya Kikaurna ilitoka mwaka 2022, na kazi bado iko mezani. Lugha ilikuwa na r za aina tatu. Wamisionari waliandika r moja au mbili bila uthabiti, na kwa maneno mengi ndugu wanatoa jibu. Yapo mengine, majina ya mimea na ya samaki wa ghuba ile, ambayo hayana ndugu popote, wala Ivaritji hakuulizwa. Kwa hayo Wakaurna na wanaisimu wanakaa, wanalitazama neno kama lilivyoandikwa 1840 na kama lilivyoandikwa tena 1857, wanachagua matamshi, wanaeleza kwa nini, na wanaanza kulitumia.